Honi ya Nassoro

Fundi Filipo alikuwa amechuchumaa mbele ya gereji yake, mtaa wa Mtawanya mjini Mtwara, akikwangua tope kwenye injini ya pikipiki kwa bisibisi bapa. Lilikuwa tope la mikoko, jeusi, lenye harufu ya yai viza, na lilikuwa limekauka mpaka ndani ya mapezi ya silinda. Alipofungua kifuniko cha chujio la hewa akatoka kaa mdogo, mzima, akashuka kwa kufuata tairi na kuelekea barabarani. Filipo akampisha, kisha akaendelea kukwangua.

Mwenye pikipiki, Husna, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Mama Latifa," Filipo akasema, "hii umeniletea mnyama, si pikipiki. Haina taa, haina indiketa, haina vioo, haina honi, haina hata pa kufunga namba. Ukiingia nayo barabarani trafiki anakukamata kabla hujabadilisha gia."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Si ununue ya kawaida, kama wenzako?"

"Nataka hii."

"Hii imetengenezwa kwa ajili ya porini."

"Na mimi nimezaliwa porini. Mbona nimekaa mjini na sijamgonga mtu?"

Filipo akacheka, akachukua kitambaa. Alijua kwa nini Husna anaitaka hiyo na si nyingine. Mtaa mzima ulijua.

Miaka michache nyuma ilikuja kampuni kutafuta gesi. Ilitandaza nyaya ndefu chini ya mikorosho na katikati ya mihogo, kuanzia pande za Nanyamba mpaka kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma, ili isikilize kilichomo ardhini. Nyaya zilibebwa kwa pikipiki za porini, na mmoja wa waliozibeba alikuwa Nassoro, mume wa Husna. Msimamizi wake aliitwa Sudi, mtu wa huku huku, aliyecheza naye mpira tangu utotoni. Siku ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Ijumaa moja Nassoro alionekana akiingia na pikipiki kwenye mkono wa mto wakati maji ya bahari yakijaa. Yalipokupwa, pikipiki ilikutwa imesimama wima kwenye tope. Nassoro alikutwa mbele zaidi, kwenye mizizi ya mikoko. Sudi akaieleza kampuni kwamba marehemu alichukua pikipiki bila ruhusa, siku isiyo ya kazi, kwa mambo yake mwenyewe. Kampuni ikaandika hivyo. Kisha Sudi akaenda msibani, akabeba jeneza upande wa mbele, na akalia machozi ya kweli.

Tangu hapo Nassoro akawa mwizi wa pikipiki. Latifa, binti yake, aliitwa shuleni mtoto wa mwizi wa pikipiki, na mwalimu akiwa karibu aliitwa hivyo hivyo kwa sauti ya chini.

Kampuni ilipofunga kambi yake ilipiga mnada vilivyobaki. Husna, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu atoke eda, aliinunua pikipiki ile kama chuma chakavu, akapewa stakabadhi. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Pikipiki ile ile iliyosemwa kuwa ya wizi ingepita barabara kuu mchana kweupe, ina namba, ina bima, imekaguliwa, na trafiki wangeinyooshea mkono ipite. Aliamini kwamba kitu cha wizi hakiwezi kubeba uhalali mwingi kiasi hicho bila kuanguka.

Filipo akaanza kazi. Alivua tairi za porini, zile zenye meno manene kama magunzi, akavisha tairi za lami. Akafunga taa ya mbele, taa ya breki na indiketa nne, mbili za njano iliyokoza na mbili za njano iliyopauka, maana hazikutoka kwenye pikipiki moja. Egzosi ilikuwa inapiga kelele kama mashine ya kusaga, akaishindilia pamba ya chuma mpaka ikanyamaza. Akafunga vioo, madigadi ya nyuma, na kibati cha kushikia namba. Mwisho akafunga honi, akaunganisha waya kwenye betri, akagusa kitufe kidogo tu kuijaribu.

"Oyaa, natokea! Mwenye ndoo ajibanze!" honi ikasema.

Pikipiki za kampuni hazikuwa na honi. Kwenye vijia vya shambani, ambako mihogo inamzidi mtu kimo na kona haionyeshi kitu, waendeshaji walipiga mbiu kwa midomo yao, na kila mmoja alikuwa na mbiu yake. Wanawake waliokuwa wakipalilia walimjua anayekuja kabla hawajamwona, wakajua ni wa kumpisha au ni wa kumsimamisha wamtanie kidogo. Hiyo ya ndoo ilikuwa ya Nassoro.

Filipo akachomoa waya, akausugua kwa msasa, akaurudisha.

"Waya hauna tatizo," akasema.

"Ndiye yeye," Husna akasema.

"Najua. Hata mimi nimewahi kujibanza, na ndoo yangu kichwani."

Husna akainuka, akaweka kidole gumba kwenye kitufe, akakibonyeza asikiachie. Honi ilimaliza mbiu yake, ikavuta pumzi, ikaendelea kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo yake jikoni: "Sudi kasema nikafuate nyaya ng'ambo. Nimemwambia leo Ijumaa. Nimemwambia maji yanajaa. Kasema nenda, msimamizi ni yeye." Baada ya hapo yakaanza kusikika maji. Husna akaachia kitufe.

Filipo akashusha honi nyingine kutoka rafuni, akaifunga. Ikasema maneno hayo hayo. Akafunga ya tatu, iliyotoka kwenye lori bovu, nayo ikayasema, ila kwa sauti nzito kama ya mtu mwenye mafua. Akarudisha ile ya kwanza kwa kuwa ilikuwa na skrubu zake zote.

"Sasa imekwisha," Husna akasema. Alikuwa anatabasamu. "Kila mtu atasikia."

Kwenye yadi ya ukaguzi alikuwepo mkaguzi aitwaye Gladness, aliyehamia Mtwara kutoka Moshi na ambaye bado alikuwa anagombana na joto. Alizunguka pikipiki, akabonyeza breki, akawasha indiketa, akazitazama zile njano mbili na kuziacha zipite.

"Honi."

Husna akagusa kitufe. Honi ikamwambia mwenye ndoo ajibanze.

"Ndefu, tafadhali. Nataka kusikia kama inashikilia."

Husna akabonyeza mpaka maji yakaanza. Mmoja wa madereva wa malori waliokuwa wanasubiri zamu yao kivulini akasema, "Masikini." Gladness alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Inasikika," akasema. "Hiki kioo cha kushoto kigeuze, kinatazama mawingu."

"Afande, umesikia anachosema?"

"Neno kwa neno. Ndiyo maana imepita."

"Basi nataka ile taarifa ya kifo cha mume wangu ibadilishwe."

"Mimi nakagua vyombo vya moto, dada. Maneno wanakagua jengo lile pale."

Husna akasukuma pikipiki mpaka kwenye jengo lile. Akatoka ofisa wa polisi wa makamo aitwaye Godfrey, mpole, akasimama kwenye jua asikilize. Akaomba irudiwe. Mara ya pili alivua kofia.

"Maelezo yamenyooka," akasema. "Mtu, siku, sababu, vyote vipo. Shahidi ana kitambulisho?"

"Shahidi ni marehemu."

"Hapo sasa."

"Sauti yake si hii hapa?"

"Sauti siibishii, mama. Lakini haiwezi kula kiapo, wala kuweka sahihi."

"Muulizeni Sudi."

"Sudi aliulizwa wakati ule ule. Maelezo yake yana sahihi." Akavaa kofia yake. "Pole sana kwa msiba. Na hongera kwa pikipiki, imetengenezwa vizuri."

Hivyo pikipiki ikapata namba, ikapata bima, na Husna akaanza kubeba abiria kwenye kijiwe cha Ufukoni. Wiki za mwanzo watu walitoka madukani kusikiliza. Baadaye walisikiliza wakiwa ndani. Abiria wenye watoto wadogo walimpenda, kwa sababu watoto wanaocheza barabarani hupuuza honi, lakini hii iliwasemesha kama baba mtu, wakapisha. Kikongwe mmoja wa karibu na soko alikuwa akijibu, "Pita, mwanangu." Wakaanga samaki waliyashika maneno yote, na Husna akipita huku kidole kikiwa bado kwenye kitufe walimsaidia kuyamalizia: msimamizi ni yeye.

Sudi, ambaye sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alifika kijiweni siku moja na boksi mkononi.

"Shemeji, hiyo honi yako inakwaruza. Nimekuletea mpya, haijafunguliwa."

"Hiyo inasemaje?"

"Inasema pii, kama za wenzako."

Husna hakubisha. Wakaenda wote kwa Filipo, na Filipo akaifunga. Husna akabonyeza. Ilisema yale yale, ila kwa sauti safi zaidi, na safari hii Husna hakuachia kitufe, kwa hiyo maji yalisikika mpaka mwisho wake. Sudi alisikiliza yote, mikono nyuma, kama mtu aliyesimama kwenye wimbo wa taifa. Filipo aliingia ndani kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

"Sudi," Husna akasema, "nenda pale ofisini ukaseme. Mara moja tu, kwa mdomo wako. Sitaki kingine."

"Shemeji, mimi nina watoto."

"Nassoro ana mtoto."

"Anaye," Sudi akasema. "Na mimi namwombea kila siku."

Akamshukuru Filipo kwa kazi nzuri, akarudi dukani.

Shuleni kwa Latifa ulizuka mchezo. Mmoja alikuwa pikipiki, wengine walibeba ndoo za kujifanya, na pikipiki ilipokaribia walijibanza ukutani. Wa mwisho kujibanza akawa Sudi, na kazi ya Sudi ilikuwa kusema "nenda." Latifa alipewa nafasi ya kuwa pikipiki mara nyingi kuliko wengine, kwa heshima ya baba yake. Mchezo ulipokwisha walimwita mtoto wa mwizi wa pikipiki, kwa kuwa hilo ndilo jina walilomzoea nalo.

"Mama," Latifa akauliza asubuhi moja, "kwani hawajasikia?"

"Wamesikia."

"Sasa?"

Husna alikuwa amechuchumaa akimfunga kamba za viatu. Alikaza ya kulia, akakaza ya kushoto, akazifungua zote mbili na kuzifunga upya.

"Sasa utachelewa shule," akasema.

Ijumaa iliyofuata gari la Sudi liligoma kuwaka, na adhana ilikuwa imekaribia. Akaja kijiweni kwa mguu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akauliza zamu ni ya nani. Zamu ilikuwa ya Husna, na kijiweni zamu hairukwi. Vijana wa kijiweni wakatazama simu zao. Husna akampa kofia ngumu. Sudi akakunja kanzu, akapanda, akashika chuma cha nyuma.

Walikwenda polepole. Karibu na njia panda palikuwa na mkokoteni wa madumu ya maji, umekata barabara, na mwenye mkokoteni alikuwa ameupa mgongo akiongea na muuza mihogo. Husna akabonyeza. Mbiu ikatoka, mwenye mkokoteni hakugeuka. Husna hakuondoa kidole. Sudi akiwa amekaa nyuma yake, honi ikasema nani alimtuma, ikasema ilikuwa Ijumaa, ikasema maji yalikuwa yanajaa. Mwenye mkokoteni akageuka, akawaona wote wawili, akainua mkono kuomba radhi, akavuta mkokoteni wake pembeni.

"Ahsante, kaka," Sudi akamwambia.

Msikitini Sudi akashuka, akanyoosha kanzu, akarudisha kofia. "Breki zako ziko imara, shemeji," akasema. "Mwenyezi Mungu akujalie."

Mzee mmoja aliyekuwa anatawadha akainua kichwa. "Sudi, leo umeletwa na nani?"

"Mjane wa Nassoro."

"Nassoro yupi?"

Sudi alikuwa anavua kandambili zake. Honi ilikuwa kimya, injini inanguruma taratibu, na Husna hakuwa hata hatua tatu kutoka pale.

"Yule aliyechukua pikipiki ya kampuni," Sudi akasema.

"Aa, yule. Mungu amsamehe."

"Amina," Sudi akasema, akaingia ndani akitanguliza mguu wa kulia.

Husna akatazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia. Akawasha indiketa, akasubiri barabara iwe wazi.