Pipa Lenye Utepe Mwekundu

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Mei, mwaka 1954, asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya Igowole. Bartholomeo alikuwa ameinama mbele ya tanuri, anapuliza kuni zilizolowa, aliposikia pipa linatoa sauti kama mtu anayekohoa usingizini. Kisha tumbo lake likaachia. Maji yote yakamwagikia motoni, majivu yakamrukia usoni, mvuke ukajaa uwanjani, na kuku wa dada yake wakatawanyika mpaka kwa jirani.

Akasimama pale, macho yamejaa majivu, akaanza kuwatukana watu waliokuwa mbali: meneja wa shamba la chai, karani wake, jumbe, na yule tabibu aliyempa marehemu mkewe dawa ya tumbo nyeupe kama maziwa akamwambia arudi nyumbani akapumzike. Kwa Bartholomeo hakuna kitu kilichoharibika chenyewe. Hata mvua ikichelewa, alijua kuna mtu ofisini ametia saini.

Pipa hilo lilikuwa limelazwa juu ya matofali, moto chini yake, na bomba lililotoa maji moto likipita ukutani mpaka ndani ya kibanda cha kuogea. Alikuwa ameiga kwa meneja, ambako alipasua kuni miaka mingi, akiwasha moto alfajiri ili mtu mwingine aoge. Igowole nzima hapakuwa na nyumba ya Mwafrika yenye kitu kama hicho. Watu waliliita gari moshi la Bartholomeo, na walevi wakipita walimuuliza linaondoka saa ngapi kwenda Dodoma. Aliwaacha waseme. Alilijenga kwa ajili ya Severina, mkewe, ambaye alipojifungua mtoto wao wa pekee alikandwa na maji ya uvuguvugu, maana mvua ilinyesha na kuni hazikushika. Mgongo ulimsumbua tangu siku ile mpaka alipozikwa.

Na sasa mtoto huyohuyo, Juliana, alikuwa amerudi nyumbani. Alifika Jumamosi kutoka Kilolo alikoolewa, tumbo limeshuka, aje ajifungulie uzao wa kwanza kwao kama desturi inavyotaka. Wakwe walisita kumwachia. Waliuliza, mama yake si amekufa, nani atamkanda? Bartholomeo akawajibu mbele ya watu kwamba shangazi yake yupo, na maji moto yapo, tena yanatoka ukutani. Mama mkwe akasema sawa, ila siku akisikia mkwewe amekandwa na maji ya baridi, atakuja kumchukua yeye mwenyewe pamoja na mtoto.

"Kaka, tuchemshe kwenye vyungu kama watu wengine," alisema dada yake, Apolonia, akiokota mkaa uliolowa.

"Chungu cha maji utakiinua kwa mikono ipi?"

Apolonia akavitazama vidole vyake vilivyopinda kwa ugonjwa wa viungo. Bartholomeo akajuta.

Akaitwa Asukile, fundi bati, Mnyakyusa wa upande wa Iyunga aliyejifunza kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya na sasa alizunguka nyanda zote akiziba sufuria za watu. Aligonga pipa kwa nyundo mara moja tu. Nyundo ikaingia ndani.

"Mtani, hili si pipa tena. Ni chujio."

"Sikukuita unitanie. Litazibika?"

Asukile akaeleza kwamba tumbo lote limeliwa na moto, kiraka hakitapata pa kushika. Ila mgongo wa juu bado mzima. Angeweza kuligeuza, upande uliooza ukae juu, mzima ushuke motoni, na mabomba ayahamishe. Tatizo ni kwamba maji yasingeweza kuvuka usawa wa matundu. Lingejaa nusu.

"Nusu," Bartholomeo alisema. "Niwaambie wakwe zangu maji moto yapo nusu?"

"Waambie na mtoto atazaliwa mdogo."

Bartholomeo hakucheka. Alivaa koti, akashika njia ya shamba la chai, kwenye ofisi aliyoapa kutoikanyaga tena tangu walipomwachisha kazi wiki aliyomzika mkewe. Alijiandaa kwa matusi. Karani, kijana aliyeitwa Timotheo, mwenye kalamu nyuma ya sikio hata anapokula, akamshangaza. Alimwonyesha rundo la mapipa matupu nyuma ya bohari akamwambia achukue analotaka, meneja anataka yaondoke. Bartholomeo alichagua moja zito, jeusi, lenye utepe mwekundu uliopakwa kuzunguka kiuno chake. Karatasi iliyokuwa ubavuni ilikuwa imekwanguliwa.

"Lilikuwa na nini?"

"Mzee, pipa ni pipa. Lilikuwa na kitu, sasa halina."

Njia nzima, akilibiringisha pamoja na majirani wawili, jambo lilimkera. Ofisi ile haikuwahi kumpa hata msumari. Iweje leo impe pipa zima?

Asukile alilipenda. Akaliosha kwa majivu na maji yanayochemka, akatoboa na kufunga mabomba, akasema hili litamzika Bartholomeo. Bartholomeo akakataa lisiwashwe. Kule kwao hakuna aliyeamini chombo kigeni kabla hakijalala na ulanzi. Kibuyu kipya, debe lililookotwa, chochote: unamimina ulanzi uliogemwa jioni ileile kwenye mianzi. Chombo kikiwa safi, asubuhi unakuta umeamka, una povu na unasema. Ukiukuta umelala, chombo kina jambo.

"Lakini hilo ni pipa la kuogea," Apolonia alisema. "Au mwanao utamkanda kwa pombe?"

Akamimina hata hivyo, kibuyu kizima, tena wa mwisho mwisho wa msimu, na mwingine wa mianzi hiyohiyo akauacha ndani ya nyumba kuulinganisha.

Asubuhi ule wa ndani ulikuwa umefurika mpaka sakafuni. Wa ndani ya pipa ulikuwa kimya, bapa, umegeuka rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Haukunuka chochote. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Wakati huohuo Juliana akatoka nje ameshika kiuno, akasema, "Baba, imeanza."

Asukile alimvuta Bartholomeo pembeni. Alimwambia ulanzi ni pombe, si daktari. Labda umepigwa na baridi, labda bati halielewani na mianzi. Mbele yao kulikuwa na pipa zima, limefungwa tayari, na pembeni ganda lenye matundu. Mwanamke yuko kwenye uchungu. Kama ni kuwasha, ni sasa.

Bartholomeo aliweka mkono juu ya bati jeusi. Akilini akamwona mama mkwe wa Kilolo akishuka kilima na khanga yake ya kubebea mtoto. Kisha akauona tena ule ulanzi uliolala.

"Fungua mabomba," alisema. "Geuza la zamani."

"Nusu, mtani."

"Nusu."

Apolonia alikuja kuwasaidia kusukuma pipa jipya kando. Alipouona utepe mwekundu kwa karibu, akaacha kusukuma.

"Kaka, hili mbona nalijua?"

Yeye na Severina walichuma chai pamoja miaka mingi. Mwisho wa mistari ya chai, alisema, shamba liliweka pipa la maji ya kunywa kwa wachumaji, jeusi, na utepe kama huu. Yeye alikuwa akibeba maji yake ya kisimani kwenye kibuyu. Severina hakupenda kubeba. Alikunywa pale, na mara nyingine alilalamika kwamba maji yana ladha ya msumari.

Bartholomeo akaenda kupasua kuni, akazipasua nyingi kuliko zilizotakiwa.

Mtoto alizaliwa alasiri, msichana. Maji yalitoka ukutani, ya moto kweli, yakakatika kabla Apolonia hajamaliza mgongo, ikabidi wangoje nusu nyingine ichemke huku Juliana amejifunika blanketi. Alikandwa sawasawa. Wakampa mtoto jina la Severina, na Bartholomeo akampakata, uso wake umekaza kama mtu anayebishana.

Kesho yake alilibiringisha pipa jeusi peke yake mpaka ofisini, akalisimamisha mlangoni mahali ambapo kila anayeingia angelazimika kulizunguka. Timotheo alimwambia, kwa adabu pungufu kuliko mara ya kwanza, kwamba mapipa hayarudishwi.

"Sikuja kulirudisha," Bartholomeo alisema. Alivua kofia, kisha akaona hapana sababu, akaivaa. Alipaza sauti ili ivuke mpaka chumba cha pili, ambako viatu vya meneja vilikuwa vinatembea. "Nimekuja kuuliza."

Viatu vikasimama. Karani alitoa kalamu nyuma ya sikio, akautazama mlango wa ndani, nao haukufunguka.

"Lile pipa la mwisho wa mistari, alilokuwa akinywea mke wangu, kabla hamjalitia maji lilikuwa na nini?"