Taa za Trela ya Papa Mahamudu

Nadège hakuwa mtu wa kuogopa umeme. Alichokiogopa ni karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya begi lake la vyombo: ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyoisha jana. Kazi ya Old Town, mjini Lilongwe, ilikuwa ya siku moja, ikala mbili, akalala mtaa wa Mtandire kwa shemeji yake. Ukikamatwa na karatasi iliyokufa unapelekwa kituoni, na ruhusa nyingine utaiona ndotoni. Bila ruhusa hakuna kazi, na kambini mama yake na watoto wawili walikuwa wanamtazama yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa trela ya boti ya Papa Mahamudu, mfanyabiashara kutoka Kindu aliyepata vibali vyake vyote zamani, akasahau kabisa hofu ya kambini. Trela aliipaka rangi ya bluu kila mahali, mpaka chini ya bolti, utadhani anamwoza binti. Sasa ukikanyaga breki, indiketa ndiyo inayowaka. Ukiwasha indiketa, taa zote zinakonyeza kinyonge.

"Papa, ni masi njo inakosa," Nadège alimwambia. "Moto unaenda kwenye taa, lakini hauna masi, hauna njia ya kurudilia kwenye gari. Rangi yako imefunga chuma."

Ili kuhakikisha, alichukua waya wake wenye vibanio viwili, akabana kimoja kwenye chuma cha gari, cha pili kwenye sehemu ya trela aliyoikwangua. Taa zote zikawaka sawasawa. Kilichobaki kilikuwa kufunga waya wa kudumu. Hapo hapo gari la maaskari likakata kona mbele ya ua wa Mahamudu.

Mtu wa kambini akiona sare, mikono haingoji kichwa. Nadège alizoa vyombo vyote akavitia begini, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu. Gari likapita zake.

"Twende, Papa," alisema, roho mkononi.

"Taa si zimewaka? Panda!"

Mpango ulikuwa ashuke kabla ya kizuizi cha polisi kwenye barabara ya Mponela, akizunguke kwa miguu kupitia mashamba ya mahindi, kisha ashike njia ya kambini. Mahamudu angeendelea na boti yake mpaka ziwani. Nusu kilomita kabla ya kizuizi, Nadège aliingiza mkono begini kuipapasa ile karatasi. Akashika vibanio.

Waya uliowasha zile taa alikuwa ameubeba mwenyewe.

Angeweza kunyamaza, ashuke, apotelee kwenye mahindi. Mahamudu angesimamishwa, angelipa faini, angelalamika wiki nzima, na usiku angelala kwake. Ni rahisi hivyo tu! Lakini baba yake, fundi wa magari kule Uvira, hakuwahi kuachia gari liondoke na kazi nusu, na aibu ilimkaba kuliko hofu.

"Papa, simama. Nimekosa mimi. Taa haziwaki."

Akaingia chini ya trela. Alisugua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akavuta waya mweusi kutoka kila taa mpaka kwenye plagi ya gari, akakaza bolti moja moja. Nati ikamdondoka mara mbili. Alipojivuta kutoka chini, viatu vyeusi vilikuwa vimesimama karibu na kichwa chake.

Askari alikuwa ametembea kutoka kwenye kizuizi kuja kuona kuna shida gani. Akaagiza taa ziwashwe. Kushoto. Kulia. Breki. Zote safi.

"Kazi nzuri," alisema kwa Kichewa. "Nani amefunga?"

Nadège alimwomba Mahamudu kwa macho asimtaje. Mahamudu hakuona, alikuwa amevimba kwa fahari.

"Huyu hapa! Fundi wetu wa Dzaleka. Lilongwe nzima hakuna wa kumfikia!"

Askari akamgeukia Nadège, akanyoosha mkono. "Karatasi, mama."

"Mi nilikuwa nakusifu tu, binti yangu," Mahamudu alisema, sauti imemsinyaa.

Askari akamwambia Mahamudu aondoe boti barabarani, akaegeshe kule mbele. Gari likaondoka polepole. Karatasi iliyokufa jana ilipokuwa ikikunjuliwa mikononi mwa askari, kunjo moja baada ya jingine, Nadège aliitazama indiketa ya kushoto ya trela. Ikawaka, ikazimika, ikawaka, bila kukosea hata mara moja.