Mbavu Saba za Babu Verlin

Sikia, hii hutaiamini. Hata mimi nisingeiamini kama simu yangu isingekuwa inarekodi. Babu yangu Verlin, mzee wa miaka tisini na nne, mfuga ng'ombe tangu anazaliwa, mtu aliyempiga marufuku kondoo nyumbani kwetu kwa zaidi ya miaka sabini, leo hii harusini... Ngoja. Nikianzia mwisho nitaharibu utamu wote.

Dada yangu Shaylee alimpenda Peyo. Peyo hana neno, kijana mchapakazi, anacheka ovyo, mbwa wote wanamfuata. Shida ilikuwa ukoo wake. Kina Urruty ni Wabaski, watu wa milima ya kati ya Ufaransa na Uhispania, wafuga kondoo tangu wazee wao walipofika hapa Wyoming. Sisi ng'ombe, wao kondoo, katikati senyenge. Theluji ikizidi tunasaidiana, tena bila kuombana. Lakini kukaa meza moja tule? Thubutu!

Na kwao harusi bila mwanakondoo si harusi. Ubavu wa kwanza ukitoka motoni anapelekewa mkubwa wa nyumba ya bibi harusi. Akila, wamepewa mke. Asipokula, hawajapewa. Sasa na kwetu nako, hakuna anayegusa uma mpaka Babu asali na kutia kipande cha kwanza mdomoni. Unaona balaa lilivyokuwa linakuja?

Babu hakuwa na ugomvi na kina Urruty. Ugomvi wake ulikuwa na kopo. Akiwa na miaka kumi na nane alipelekwa vitani, Vita vya Pili vya Dunia, Pasifiki huko, na melini wakalishwa kondoo wa kopo. Asubuhi kondoo, jioni kondoo. "Kondoo kizee," anasema Babu, "kachemshwa, kapoa, ananuka sweta lililonyeshewa." Siku anashuka melini akaapa. Basi bibi yetu, Mungu amrehemu, hakuwahi kujifunza kumpika. Baba hakuwahi kumwonja. Mimi nina miaka ishirini, nilikuwa siijui ladha yake, na kila nikifungua dirisha naona kondoo wa kina Urruty mlimani kama mtu kamwaga mahindi ya bisi.

Wiki moja kabla ya harusi, Mama akaamua ajifunze kwanza asije akaaibika mbele ya wakwe. Nikamwendesha mpaka mjini, kwenye duka la nyama.

"Mwanakondoo?" Muuza nyama akajikuna kichwa. "Ninacho kipande kimoja. Sijui kama bado kipo." Akainama kwenye friza, akasogeza mabata mzinga, akaibuka na kitu kigumu kama tofali. Mama akasoma bei, akakirudisha haraka kama kimemng'ata.

"Mungu wangu! Kwa hela hii si tunakula ng'ombe wiki nzima?"

"Ndiyo bei yake, dada. Tena hicho kimetoka New Zealand."

"New Zealand? Na wale wanaolia hapo nyuma ya duka lako ni paka?"

Jamaa akacheka. "Watu hawanunui, kwa hiyo mimi sileti. Na kwa kuwa sileti, watu hawanunui. Machinjio ya kondoo yamefungwa moja moja, yaliyobaki ni mwendo wa siku nzima. Halafu mwanakondoo mwenyewe mdogo. Jasho la kumchinja na kumkata ni lile lile, ila nyama anayotoa, ng'ombe akiiona anacheka."

Mama akauliza huyo mnyama analiwa pamoja na nini. Jamaa akasema wale wachache wanaonunua hapa huwa wanachukua na jeli ya mnanaa. Mama akabeba chupa nne. Kijani, inang'aa, inatikisika. Zikumbuke hizo chupa.

Jumamosi ikafika, ndiyo leo. Jua zuri, upepo kidogo, watu mia mbili uani kwetu. Wajomba wa Peyo walikuwa wameamka alfajiri kuwasha moto, na zile mbavu, zimepakwa kitunguu saumu na chumvi, zilikuwa zinadondosha mafuta kwenye makaa, chwaaa, harufu inakuvuta pua kama kamba. Mama akapanga jeli yake mezani kwa madaha. Mjomba mmoja akafungua chupa, akanusa, akamnong'oneza mwenzake, "Hii si dawa ya meno?"

Babu? Babu alikuwa amehamishia kiti chake barazani, katupa mgongo, kofia kaiinamisha, mapajani kashika mkate wake wa nyama ya ng'ombe aliojifungashia mwenyewe.

Shaylee akamfuata huku ameshika gauni. "Babu, ubavu mmoja tu. Kwa ajili yangu."

"Unataka farasi wangu? Chukua. Unataka gari? Funguo hizo. Hilo dude sili."

"Babu, watu wamesimama na sahani tupu!"

"Waambie wakae."

Peyo akaja mbio. "Shay, basi, tusimlazimishe mzee..."

"Nyamaza wewe! Hujapewa mke bado!"

Watu wakacheka, lakini Shaylee hakuwa anacheka. Kidevu kilianza kumtetemeka, na dada yangu huyu alishavunjika mkono kwenye rodeo, yale mashindano ya kupanda fahali, hakutoa chozi. Nikajua hapa harusi inatufia mikononi. Nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikainua simu.

Ndipo akatokea Bibi Graciana, bibi yake Peyo. Miaka themanini na tisa, mfupi, akikaa kitini miguu haifiki chini. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine sahani ya mbavu. Akapanda ngazi za baraza, akajiketisha mbele ya Babu bila kukaribishwa.

"Verlin. Nasikia wewe ulipigana vita."

"Nilipigana."

"Na ukarudi unamwogopa kondoo."

Babu akainua kofia. "Mama, siku mia moja na kumi na mbili nimekula kondoo wa kopo. Wewe hukuwepo."

"Mimi sikuwepo. Mume wangu Battitta alikuwepo. Mchunga kondoo! Alipoletewa lile kopo alilia. Akaandika barua nyumbani, akauliza huyu marehemu alikuwa kondoo au buti?"

Babu mdomo ukamcheza. Akajikaza.

"Lakini ninyi wengine," Bibi Graciana akaendelea, sasa taratibu, "mlirudi kwa maelfu, kila mmoja akamwambia mkewe asilete kondoo mezani. Wake zenu hawakupika. Watoto wenu hawakuonja. Sisi tukabaki tunafuga, tumuuzie nani? Tulikuwa na kondoo elfu sita, Verlin. Leo hawafiki mia nane. Senyenge ni hiyo hapo, na jirani yangu miaka yote hii hajawahi kula chakula changu."

Babu akaangalia mlimani. Akaangalia viganja vyake.

"Hakuna aliyewahi kuniambia," akasema.

"Ulituuliza?"

Babu akavua kofia. Sisi tunajua maana yake. Watu mia mbili wakainamisha vichwa. Akasali kwa kifupi, kama kawaida yake, akachukua ubavu mmoja, kamfupa kenyewe kadogo unakashika kwa vidole viwili. Akafumba macho kama mtoto anayepewa dawa. Akang'ata.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akafungua jicho moja.

"Huyu siye."

"Ndiye," akasema Bibi Graciana. "Mwenyewe halisi ndiye huyu."

"Miaka sabini na kitu..." Babu akameza. "Miaka sabini na kitu, Graciana! Mbona mlininyima?"

Hapo Bibi Graciana akapiga kigelegele cha kwao, kirefu, kinapanda kinashuka kama farasi anayecheka, mpaka mbwa wote wakaitikia. Shaylee akamrukia Peyo, maua yakaruka huko. Babu akala wa pili, wa tatu, wa nne. Kwenye wa tano akaita, "Hiyo ya kijani ni nini? Lete!" Akachovya. Kina Urruty wote wakapiga yowe kama amemchoma mtu kisu, na Mama akapiga yowe la ushindi. Saba, ndugu yangu. Nimehesabu kwenye video. Saba! Ule mkate wake wa ng'ombe aliula mbwa.

Jioni, ngoma imekolea, akaniita pembeni. Midomo bado inang'aa mafuta.

"Colby. Umerekodi?"

"Yote, Babu."

"Futa."

"Babu!"

"Mwezi ujao wafuga ng'ombe wa jimbo zima wananipa tuzo. Kwenye geti langu kuna kibao, 'Hapa tunakula ng'ombe tu.' Nimekipaka rangi mimi mwenyewe. Wakiniona nalamba vidole hivi nitakaa wapi? Nitaendelea kula, Graciana kashanialika Jumapili. Ila hiyo futa. Niahidi."

Sijamaliza hata kufungua mdomo, Shaylee huyu hapa, viatu mkononi, machozi ya furaha. "Dogo, ile video ndiyo zawadi yangu ya harusi. Sitaki kingine. Na Bibi Graciana anaomba uirushe kila mahali, watu waone, labda watanunua tena."

Basi niko hapa kando ya zizi, muziki unapiga, kidole changu kinaelea juu ya kioo. Babu ananitazama toka barazani. Shaylee ananitazama toka uwanjani.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje?