Vidole vya Anjeline

Asekenye alikuwa na hoteli ndogo Malaba, kando ya foleni ya malori ya mpakani, na hakuna mwenye biashara aliyeitetea bima mpya ya afya kumshinda. Wenzake walipolalamika kwamba ni kodi nyingine tu, aliwakumbusha habari za mumewe, Ikapel. Alifia hospitalini, na maiti yake ikazuiliwa wiki tatu kwa sababu ya bili.

"Tukilipa wote," aliwaambia kwenye mkutano wa wananchi kutoa maoni kule Chakol, "hakuna mtu atafungiwa maiti tena."

Akaanza na wafanyakazi wake. Watatu walikubali. Anjeline, mpishi wa chapati, alisitasita. Kwao Khunyangu alikuwa kwenye chama cha akina mama, na mwanachama akiugua, chama kilimlipia hospitali siku hiyo hiyo.

"Mama, siwezi lipa huku na huku."

"Basi toka kwa chama. Na bima nitakulipia mimi. Hii ni ya serikali, haiwezi kukutupa."

Anjeline akatoka.

Asubuhi moja ya Machi, hoteli ikiwa imejaa madereva, Anjeline aliinama kando ya jiko akishika tumbo, akashindwa kuinuka. Asekenye akamkimbiza kwa pikipiki hadi hospitali moja ya binafsi. Daktari akasema mimba imetunga pembeni, pale mrija unapoingia kwenye kizazi, na damu inavuja ndani. Apasuliwe mara moja. Karani akasogeza kimashine cha bima cha kusoma alama za vidole, Anjeline aweke kidole. Hakikusomeka. Wakajaribu cha pili, cha tatu, vyote kumi. Miaka sita ya kugeuza chapati kwa mikono mitupu ilikuwa imemfuta alama zote.

"Mashine haimtambui," karani alisema.

"Si jina lake liko hapo? Si mimi nalipa kila mwezi? Angalia!"

"Naona, mama. Lakini bila kidole siwezi kumfungulia. Ama ulipe keshi."

Asekenye akapiga simu ya huduma ya bima. Ikamwimbia wimbo mpaka ikakatika. Akampigia mwenyekiti wa kile chama.

"Si alitoka, dada," mwenyekiti akamjibu, kwa upole uliomchoma kuliko tusi.

Ilifika saa nane mchana ndipo akapata pesa, baada ya kumuuzia jirani friji ya hoteli kwa bei ya kutupa. Anjeline hakufa. Lakini kizazi kilikuwa kimepasuka na damu imemwagika mno, na madaktari wakalazimika kukitoa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajazaa.

Baada ya wiki mbili Asekenye alimfuata Khunyangu na unga na sukari. Anjeline alikuwa ameketi nje. Hakumkaribisha, hakumfukuza.

"Nimeandika barua," Asekenye alisema. "Nimefika hadi kwa wakubwa. Wanasema wataleta mashine ya kusoma uso."

"Uso wangu utanisaidia nini sasa?"

Asekenye akausogeza mfuko wa unga karibu naye. Anjeline hakuugusa.

"Bado unanilipia?"

"Nalipa."

"Acha."

Hakuacha. Mwezi uliofuata alilipa tena, na uliofuata huo pia, ingawa Anjeline hakurudi kazini. Na wenye maduka wa Malaba walipomuuliza kama bado anaitetea bima yake, alisema ndiyo, kwa ukali, kana kwamba wamemtukana.