Mkanda Niliopaka Samli

Mume wangu Wandera aliibuka majini bila mtungi wa hewa. Alikuwa amezama nao mgongoni, na sasa mgongo ulikuwa mtupu, mdomo wazi, akimeza pumzi na maji kwa pamoja. Nilipiga yowe ambalo sina shaka lilifika Tororo mjini.

Ojulong, mwenye baiskeli aliyetubebea vifaa kutoka Busia, alirusha kamba. Wandera akaishika, tukamvuta mpaka kwenye mawe. Alikohoa mpaka nikadhani mapafu yatatoka. Alipopata sauti alisema, "Mkanda wa bega moja umekatika. Wa kiuno ukafuata. Mtungi umenichomoka, uko chini."

Ilikuwa mwaka 1966, mwezi wa Mei. Bwana Edeku alikuwa na machimbo ya mawe upande wa Kwapa, na mvua za masika zilikuwa zimelijaza shimo lake. Pampu aliyoifunga juu ya mapipa ili ielee ilipinduka ikazama nayo futi thelathini na tano. Upande wetu mtu wa kuifuata huko alikuwa mmoja tu, Wandera wangu, aliyejifunza kuzamia alipokuwa kibarua wa bandari Kisumu. Vifaa aliuziwa na Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Vilikuwa vizima vyote ila mikanda ya kubebea mtungi, ambayo ilikuwa imeoza.

Mikanda mipya niliitengeneza mimi. Kazi yangu ni kushona mikoba na viti vya baiskeli pale Busia, na anayesema mshono wangu umewahi kuachia na aje aniambie usoni. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukunja mara mbili, nikaushona kwa uzi wa nta. Halafu Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, nikaipaka samli mikanda yote. Kwetu Dabani baba alikuwa akipaka samli kamba zake za ngozi ya ng'ombe zisikauke zikapasuka, na zilidumu miaka. Nilipaka kwa mapenzi. Sikuambiwa na mtu, wala sikumwambia mtu.

Kipande cha mkanda wa kiuno kilikuwa bado kimening'inia kwenye kaptura ya Wandera. Alikichomoa akamtupia Ojulong miguuni.

"Ona kazi yako! Umenikazia mpira ya kufungia mizigo juu ya mikanda yangu njia nzima kutoka Busia, umeikata!"

"Mimi?" Ojulong alisema. "Mimi nabeba watu na magunia pale Busia kwa mpaka, miaka mitatu sasa, Baba Goretti. Mpira yangu haikati kitu."

"Basi ni jini ndiyo imekata?"

Ojulong aliinama. Aliokota kile kipande, akakisugua kwa vidole, akakinusa. Kisha akaniangalia. Akapita karibu yangu kana kwamba anaenda kuchukua kamba, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Goretti, mpira na mafuta havikai nyumba moja. Sisi watu ya baiskeli tunajua hiyo. Mafuta inakula mpira."

Kumbe ni mimi. Na yeye alijua, na alikuwa ameachia lawama imkae kichwani badala ya kunitaja mbele ya mume wangu. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nilijiambia nitasema jioni, nyumbani, mtungi ukishapatikana na hasira zikishatulia.

Bwana Edeku alikuwa anazunguka shimo mikono nyuma. "Mimi nataka pampu leo," alisema. "Kama munashindwa, naita watu ya Jinja."

Fundi wake alikunja vyuma vitatu vikawa ndoana kubwa, tukaifunga kwenye kamba. Wandera aliirusha mahali alipoona mapovu yakimalizikia. Mara ya kwanza ikaleta tope. Mara ya pili ikanasa jiwe, tukahangaika nusu saa kuinasua. Mara ya tano kamba ikawa nzito, nzito lakini inasogea, na Wandera akanong'ona, "Taratibu. Taratibu. Ukigonga jiwe koki inavunjika." Tulivuta shibiri kwa shibiri. Mimi nilikuwa nasali mambo mawili yanayopingana: upatikane, na usipatikane. Usipopatikana hatazama tena.

Ulipatikana. Ndoana ilikuwa imeshika ule mkanda wa bega la kushoto uliobaki. Koki nzima, mpira wa kuvutia hewa mzima. Wandera akaubusu mtungi kama mtoto aliyetoka hospitali, akaanza kufunga kamba ya katani badala ya mikanda iliyokatika.

"Na huu wa kushoto?" nilimwuliza.

"Huu mzima. Si umeona umebeba uzito wote?"

Ulikuwa umebeba, kweli. Lakini nilikuwa nimeupaka siku ile ile, kwa kidole kile kile.

"Pumzika kwanza, Baba Goretti. Zamia kesho."

"Kesho Edeku ana watu wa Jinja." Alikuwa tayari anavaa. "Sikiliza. Mara ya kwanza nilikuwa bado juu juu. Sasa naingia chini ya mapipa, kuna waya umejikunja pale kama mtego. Kwa hiyo mtu asinivute ovyo. Nikivuta kamba mara moja, niko salama. Mara tatu, nivuteni."

Chini ya mapipa. Mkanda ukikatika pale, mtungi utamvuta upande, mpira wa hewa utamchomoka mdomoni, na juu yake kuna mapipa na waya. Nililiona jambo hilo lote waziwazi. Na bado nilikuwa napima aibu. Nilifikiria wanawake wa sokoni Busia wakisema mimi, Loy, nilimshonea mume sanda. Nilifikiria hasira yake. Maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo hakikuwa hata changu.

Nikaingia majini na gauni langu na viatu, nikaukumbatia mtungi kwa nyuma.

"Una wazimu?" alifoka.

"Mkanda nimeupaka samli! Yote niliipaka. Samli inaozesha mpira. Ojulong hana kosa, kosa ni langu, na nilijua tangu asubuhi nikanyamaza!"

Aligeuka. Aliushika ule mkanda wa kushoto kwa mikono miwili, akavuta, wala hakuvuta kwa nguvu. Ukaachana kama muhogo uliochemshwa. Bwana Edeku akajishika kichwa. Wandera aliviangalia vipande viwili mkononi, kisha akaniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona tangu tuoane.

"Sivai tena kitu ulichoshona," alisema.

Alitoka majini akamwendea Ojulong, akampa mkono. "Ndugu yangu, nimekuonea."

"Imeisha," Ojulong alisema. "Lakini wewe nakwenda chini na nini?"

Hapo ndipo Ojulong alipofundisha. Gunia la mahindi, alisema, halifungwi kwa mpira mmoja hata ukiwa mpya. Unafunga wa kwanza, halafu wa pili unaufunga peke yake, mahali pengine, ili mmoja ukifa mwingine usijue habari. Aliifungua mipira mikavu kwenye baiskeli yake, akatuonyesha. Lakini mkanda wa kwanza ulihitaji kitambaa kigumu, na kigumu kilichokuwepo kilikuwa turubai la kiti cha baiskeli lililokuwa mkobani mwangu, na mwenye sindano pale alikuwa mmoja. Wandera alinisimamia nikishona, akivuta kila mshono kwa kidole. Nilishona nikilia.

Alipozama, kamba ilikuwa mikononi mwa Ojulong. Nilikaa kando nikiangalia mapovu. Yalisogea kuelekea yalipozama mapipa, kisha yakasimama. Kamba ikavutwa mara moja. Baadaye tena mara moja. Kisha kimya, kirefu, mpaka nikasahau kupumua mimi niliyekuwa nchi kavu. Mapovu yakaja mengi kwa mkupuo mmoja, nikajua kuna kitu kimekatika. Nilijua kama mtu anavyojua sauti ya sahani yake ikivunjika jikoni.

Mara tatu. Tukavuta.

Aliibuka na mtungi mgongoni. Alikuwa ameifunga pampu kwa kamba nyingine. Ncha ya kamba yake ilikuwa mkononi mwake, akamkabidhi Edeku. Begani, turubai langu lilikuwa limekatwa na ukingo wa pipa, linaning'inia. Mpira wa Ojulong, ule wa pili, ndio uliokuwa umeushika mtungi.

Wandera alikaa juu ya jiwe. Kisha akalichomoa lile turubai, akaligeuza, akaukagua mshono inchi kwa inchi. Kitambaa kilikuwa kimekatika katikati. Mshono ulikuwa mzima pande zote mbili.

Akaliweka mapajani pangu.

"Mama Goretti," alisema, "huu ushone tena."