Jina Langu Kwenye Simu za Watu

Sikuwa na cheti cha darasa la saba. Sikuwa na mke tena, wala ng'ombe, wala simu janja; nilikuwa na kitochi tu. Sikuwa na kesi na mtu. Kusoma nilijifunza ukubwani, usiku, baada ya kutoka shambani kwenye kahawa, na pale Hasamba hata waliosoma mchana waliniita Mwalimu.

Alhamisi moja, mwaka juzi, Ambakisye alikuja peke yake. Alikuwa mshenga wa Efraimu wa Igamba, ambaye kijana wake Tumaini alitaka kumuoa binti yangu wa mwisho, Jenista. Safari zilizotangulia alikuja na wenzake, vicheko vikisikika tangu barabarani. Siku hiyo alivuta kiti, hakukikalia.

"Keti, mzee mwenzangu."

"Nitaketi, Mwalimu. Wale wenzangu wanaomba tupumzike kwanza."

"Tumechoshwa na nini?"

Akatoa simu yake. Kuna programu, alisema. Ukiandika namba ya mtu, inakuonyesha wengine wamemwandikaje kwenye simu zao. Vijana wa Igamba walikuwa wamenitafuta humo.

"Haya mambo ya simu nayo," aliongeza. "Mimi kwa shemeji yangu nimeandikwa Ambakisye Usipokee."

Nikasoma. Baba Jenista. Mwl. Lusubilo Kahawa. Lusubilo Mbishi. Chini yake: Lusubilo ARV Hasamba.

Sikusikia uchungu. Nilisikia kuku wakiparua uani, nikawaza kwamba mahindi niliyoanika hayajafunikwa.

"Ni kweli?" Ambakisye aliuliza, akiangalia nje.

"Ni kweli."

"Jenista anajua?"

"Hajui."

"Basi fanya haraka. Jumapili Efraimu atamwambia Tumaini, na yule kijana hatalala bila kumpigia mwenzake."

Mke wangu alipofariki ndipo nilipopimwa. Kliniki ya karibu ilikuwapo, lakini nilichagua ya Tunduma, mpakani, ambako malori yanapanga foleni na kila mtu ni mgeni kwa mwenzake. Kwa miaka nilipanda gari asubuhi nikiwaambia wanangu kwamba nafuatilia bei ya mahindi. Huko alikuwapo Violet, mama wa kujitolea aliyetukumbusha siku za dawa. Pale kliniki, yeye tu ndiye niliyempa namba yangu.

Ambakisye alipoondoka, nilimpigia.

"Baba, ninao akina Lusubilo watatu," alisema. "Niliandika hivyo nisije nikakosea mtu. Sijamwambia yeyote, Mungu ananiona."

"Najua."

"Ile programu niliiweka kwa sababu ya matapeli wanaonipigia. Ikaomba kuyaona majina yaliyomo simuni mwangu, nikabonyeza ndiyo. Nitalifuta sasa hivi."

"Litafutika na kule Igamba?"

Violet akaniomba msamaha.

Jenista alikuwa anafundisha Ndalambo. Ningeweza kumpigia, lakini sikutaka aisikie habari hii akiwa amesimama mbele ya darasa, mtandao ukikatika kila neno. Nilikaa mezani. Niliandika ugonjwa uliomuua mama yake, ambao sikuwahi kuutaja, na kwamba na mimi ninao. Niliandika ninameza dawa saa ngapi na kwamba kahawa bado naichuma mwenyewe. Kuhusu Tumaini sikumshauri kitu. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko kawaida.

Ijumaa, stendi ya Tunduma, nililamba gundi ya bahasha, nikaibana kwa kiganja, nikamkabidhi Deus, dereva wa gari la Ndalambo. Tayari alikuwa ameshika kalamu.

"Namba ya mpokeaji, mzee. Nikifika nimpigie."

"Andika Mwalimu Jenista, shule ya msingi."

"Bila namba itapotea hii."

"Ukifika, uliza mtu."

"Wazee nyie," alisema, akaandika. Akaichomeka kwenye kizuia jua, juu ya usukani, akapiga honi kuwaita abiria wa mwisho.