Munitoe na Kitanda

Mkunga Julie alipofungua mlango wa chumba cha kuzalia na kuuliza garde-malade wa Munezero, yaani wa kumwuguza, ni nani, wanawake wawili walisimama kwa mpigo kutoka benchi moja. Vita vilianzia hapo.

Wa kwanza alikuwa Dative, mama mkwe, mwanamke wa sauti nene aliyezaa watoto wanane na asiyekubali mtu asahau hata mmoja wao. Mkononi alishika termosi ya uji. Wa pili alikuwa Mukamurenzi, shangazi yake Munezero, mwembamba, miaka hamsini na miwili, vitenge viwili kiunoni. Huyu hakuzaa. Mume wake wa Masisi alimvumilia miaka sita, kisha akamrudisha kwao kama sufuria iliyotoboka, na tangu siku hiyo kila mwenye watoto alijiona ana haki ya kumwonyesha pa kukaa.

"Ni mimi," Dative akasema. "Huyu hajazala. Kwetu mwanamuke mwenye hajazala haingiaka fasi banazalia. Anafunga njia ya mutoto."

"Ninataka mumoja tu, na mbio," Julie akajibu. Tangu asubuhi alikuwa peke yake na wanawake watatu wenye uchungu. "Ninataka mwenye anajua hii kazi." Akamgeukia Mukamurenzi. "Wewe, Mama, ni kweli haujazala?"

"Hata mumoja," Mukamurenzi akasema. "Lakini nimezalisha ndama kumi na saba."

Benchi zima likaangua kicheko. Mlinzi wa getini naye akacheka, na hakuna aliyemwuliza.

"Mama, huyu si ng'ombe."

"Ninajua. Ng'ombe haina mama mukwe."

Julie alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Alicheka mpaka akajishikilia mlangoni, na kabla hajamaliza kucheka Mukamurenzi alikuwa ameshapita chini ya mkono wake.

Msimcheke mtu wa ndama. Baba yake, mzee Nizeyimana, alikuwa na ng'ombe kwenye vilima vya Masisi, na mila yao haikumruhusu msichana kukaribia ng'ombe anayezaa. Lakini siku moja ndama alikwama mguu umekunjika, mkono wa mzee ulikuwa mnene, na wavulana wote walikuwa shuleni Goma. Mukamurenzi, miaka kumi na miwili, alinawa mpaka begani bila kuuliza mtu. Mzee aligomba wiki nzima. Ng'ombe wa pili alipokwama, alimwita mwenyewe.

Kwa hiyo ujasiri alikuwa nao tangu utoto. Ulimkimbia mara moja tu, na mara hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa siku ambayo Annonciata, mke wa kaka yake, alikuwa anazaa nyumbani kule Masisi. Wazee wa kike walimtoa Mukamurenzi nje. Walimwambia akae nyuma ya nyumba, na asiitike hata akiitwa, kwani sauti ya tasa hufunga tumbo la mwenzake. Alikuwa ndiyo kwanza amerudishwa na mume, aibu imemjaa mpaka shingoni. Akatii. Annonciata alimwita kwa jina, akamwita tena, akaita mpaka sauti ikakauka. Mukamurenzi alikaa juu ya jiwe, kinywa amekifumba. Kisha sauti ikakoma.

Mtoto alipona. Ndiye Munezero. Mukamurenzi alimlea, akamsomesha, akashuka naye Goma, akamwoza kwa Rodrigue, mtoto wa Dative, kijana mwema anayeuza samaki wa Vitshumbi. Rodrigue alikuwa hukohuko Vitshumbi kununua samaki, na simu yake haikupatikana tangu juzi. Munezero alipopata mimba alimwuliza shangazi yake swali moja tu: "Tantine, siku ya kuzala utakuwako?" Mukamurenzi akamwapia: "Ukiniita, nitaitika."

Hilo ndilo lililomleta kwenye kituo hiki cha afya cha barabara ya Sake, karibu na Lac Vert. Alikuja kuitika.

"Tantine!"

"Niko."

Munezero alilala kwenye kitanda cha chuma, jasho limemlowanisha. Mukamurenzi alimsugua mgongo, akamtembeza kutoka ukuta hadi ukuta, akamlaza tena. Uchungu ulikuwa dhaifu na njia ilikuwa bado kufunguka. Julie alimpima, akatikisa kichwa, akasema anakwenda kutafuta serum, dripu ya kuuongezea nguvu. Mwanamke wa kitanda cha pili akapiga kelele, Julie akapitia kwake kwanza.

Mukamurenzi aligeuka kukamua kitambaa kwenye beseni. Muda huohuo Dative akaingia na termosi yake, akajaza kikombe, akakiweka mdomoni mwa Munezero. Munezero akanywa. Mke wa mtu hakatai mkono wa mama mkwe, hata akiwa anakufa.

Ndipo harufu ikamfikia Mukamurenzi. Ilikuwa harufu chungu, ya majani yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi. Aliijua kama anavyojua harufu ya zizi la baba yake. Majani hayo waliwapa ng'ombe ambao kondo la nyuma lilikataa kutoka, na walipimiwa kwa woga, kwa sababu ng'ombe aliyezidishiwa alikufa amesimama. Akakipokonya kikombe.

"Unamupa nini?"

"Dawa ya kusukuma," Dative akajibu bila kuficha kitu, tena kwa fahari. "Hata asubuyi nilimupa vikombe mbili mbele tutoke nyumbani. Mimi nimezala munane na hii dawa. Uchungu wa mwana anaujua mwenye kuzala. Wewe utaujulia wapi?"

Methali hiyo ni nzuri, lakini kuna watu wanaoitumia kama kufuli. Mukamurenzi alikuwa amefungiwa nayo nje ya nyumba nyingi. Akatazama tumbo la Munezero. Uchungu hutakiwa kwenda na kurudi, kama mtu anayeteka maji. Huu ulikuwa umeanza kuja na kukaa.

Mlango ukafunguka. Julie akaingia na chupa ya serum, akainyanyua juu ya kitanda.

Hapo Mukamurenzi alijua fika anachokwenda kufanya. Kumshitaki mama mkwe mbele ya mkunga ni jambo ambalo yeye angelisema na kwenda zake, lakini Munezero angelala nalo nyumba moja kwa miaka yote iliyobaki. Munezero mwenyewe alimtazama kwa macho ya kusihi: nyamaza, Tantine. Alishawahi kunyamaza. Alijua kunyamaza kunazaa nini.

"Usiitundike," akasema. "Amekunywa dawa ya kusukuma. Vikombe mbili asubuyi, nusu sasa hivi. Nusa."

Julie akanusa kikombe. Chupa ya serum akairudisha mezani polepole, kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Dawa hii na serum yangu pamoja, tumbo lingepasuka." Kisha akamgeukia Dative, na uchovu wote wa siku ile ukamtoka kwa mdomo. "Mama, toka inje! Na termosi yako!"

Dative alitoka, lakini si mtu wa kutoka akanyamaza. Walimsikia kutoka barabarani akieleza kwamba tasa ameingia kumfunga mjukuu wake kwa wivu.

Julie alimlaza Munezero ubavu wa kushoto, akaweka sikio kwenye kale kapembe ka mbao ka kusikilizia mtoto. Roho inapiga, akasema, lakini nitaifuata karibu karibu, na ikilegea tunatafuta gari la kwenda hospitali kubwa. Hakuondoka tena kitandani ila kukimbilia wale wengine na kurudi. Uchungu ulimkaba Munezero bila kumpa nafasi ya kupumua. Kila ulipombana aliita, na kila alipoita alijibiwa.

"Tantine!"

"Niko."

"Usiende."

"Niende wapi? Sina hata viatu, nimevua."

Ilipita saa nzima, ikapita nusu nyingine. Majani yakaanza kuisha nguvu mwilini, uchungu ukajifunza upya kwenda na kurudi, na njia ikafunguka. Julie alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu anuse kile kikombe, mlango uliposukumwa tena. Aliingia Buhendwa, titulaire, yaani mkuu wa kituo, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Nyuma ya bega lake kilionekana kilemba cha Dative.

"Garde-malade anatoka wakati mutoto anakuya," Buhendwa akatangaza. "Règlement ni règlement, sheria ni sheria. Na famille inalalamika. Banasema wewe uko unafunga mutoto."

"Titulaire, mutoto yuko mulangoni," Julie akasema.

"Kwa hiyo na yeye ende mulangoni."

Mukamurenzi alisogelea kitanda. Alifungua kitenge chake cha juu, akakipitisha kiunoni, akakizungusha kwenye chuma cha kitanda mara mbili, akapiga fundo la kufungia ndama. Fundo hilo lina kiburi: ukilivuta, linakaza.

"Mukitaka kunitoa," akasema, "munitoe na kitanda."

Buhendwa hakuamini macho yake. Alishika kitenge akakivuta. Fundo likakaza. Akavuta tena, kwa nguvu ya cheo chake chote, na kitanda kikalia juu ya simenti.

"Wachana naye!"

Aliyesema alikuwa Munezero. Tangu aolewe hakuna mtu wa familia ile aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, na wengine walidhani hana. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, nywele zimemsimama, na hakumtazama Buhendwa hata kidogo. Alimtazama Dative.

"Akitoka, mimi ninatoka naye. Nitazalia kwa barabara, juu ya mawe. Mama yangu alikufa akimwita huyu, na bato bakamukataza kuitika. Mimi sitakufa sawa yeye, Mama. Mimi nitamwita, na ataitika."

Kilemba cha Dative kikabaki pale mlangoni, hakisogei. Hakuna aliyewahi kumweleza habari za Annonciata. Ndivyo zilivyo familia zetu: ng'ombe wa mahari tunawajua mmoja mmoja kwa rangi, lakini namna mama wa bibi harusi alivyokufa hakuna anayeuliza.

Hapo uchungu mkubwa ukaja, na haukusubiri règlement ya mtu.

"Titulaire," Julie akapaza sauti, tayari amepiga magoti, "ama utoke, ama unawe mikono!"

Haki yake apewe: Buhendwa alinawa. Koti likalowana, pasi ikaharibika, akashika mguu alioambiwa ashike. Munezero akasukuma. Kila aliposukuma aliita kwa nguvu zake zote, na Mukamurenzi aliitika kwa nguvu zilezile. Niko! Niko! Aliitika kwa hasira, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Alimwitikia msichana aliyekuwa mbele yake, na alimwitikia mwanamke mwingine aliyeita siku nzima nyuma ya ukuta wa udongo. Kama wale wazee wa Masisi wana masikio huko waliko, walisikia.

Mtoto alitoka wa buluu, kimya. Julie alimsugua mgongo kwa kitambaa, akamsafisha kinywa, akamsugua tena. Mukamurenzi alishika mkono wa Munezero na hakuomba lolote, maana kila alichokuwa nacho alikuwa ameshakitoa. Kisha mtoto akakunja uso kama mtu aliyedhulumiwa, akapiga kelele iliyofika getini.

"Mwanamuke," Julie akasema. "Na huyu hatanyamaza hata siku moja."

Kondo la nyuma lilitoka lenyewe, bila majani. Buhendwa aliondoka taratibu akitazama koti lake. Julie akamfunga mtoto vizuri, na Dative akaingia, safari hii bila termosi. Kwa desturi yao bibi mzaa baba ndiye wa kwanza kumpokea mtoto. Alisimama mbele ya kitanda, akanyoosha mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

Lakini kati yake na mtoto alikuwapo Mukamurenzi, amefungwa palepale. Alikuwa anahangaika na fundo lake, na fundo lilikuwa limekataa. Buhendwa alikuwa amelivuta mpaka limekuwa gumu kuliko jiwe.

"Munipe mujukuu wangu," Dative akasema, kwa sauti ndogo ambayo labda hata watoto wake wanane hawakuwahi kuisikia.

"Utamupata," Mukamurenzi akajibu. "Ni wako, sina shida. Lakini mbele, nifungue."

Walitazamana. Julie akajifanya anaandika. Dative aliangalia fundo, akaangalia simenti yenye maji na damu, akaangalia kitenge chake kizuri cha kutokea. Halafu akapiga magoti. Alijaribu kwa kucha, ikashindikana. Akainama zaidi, akalishika fundo kwa meno, kiunoni pa mwanamke aliyetaka atolewe nje, akalivuta kidogo kidogo mpaka likalegea.

"Unafunga sawa mutu anafunga ng'ombe," akasema akiinuka, akifuta mdomo.

"Njo vile nilifundishwa."

Dative akapokea mjukuu wake. Kitenge kilianguka chini, na hakuna kilichomshikilia tena Mukamurenzi kwenye kile kitanda. Mlango ulikuwa wazi. Hakusogea.

"Tantine," Munezero akaita, macho ameyafumba, usingizi unamchukua.

"Niko."